Kwa Hisani ya Mwenyekiti

Jumamosi, 2 Machi

Mtu anayelipwa kusema uongo kila Ijumaa anahitaji mahali pa kusema kweli siku nyingine, na ndiyo maana nimeanza kuandika hapa leo, siku mvua ilipoanza. Uongo wangu unasikika redioni saa moja jioni. Ni mchezo wa upelelezi, na mpelelezi ni bibi mstaafu aitwaye Bi Mdadisi, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali mpaka mwizi achoke mwenyewe.

Kituo chetu ni kidogo, tuko wanne tu. Mimi naandika. Sauti ya Bi Mdadisi ni ya mwenzetu anayesoma matangazo ya vifo asubuhi, tunamwita Msomaji. Kila akifungua mdomo jioni kuna mtu mjini anashika kifua kwanza, kabla hajakumbuka kwamba ni mchezo. Meneja anaigiza wanaume wote, wazuri na wabaya, kwa sababu hataki kulipa mwanamume mwingine. Wa nne ni Fundi Sauti, kijana aliyehamia hapa mwaka jana, bachela, hajawahi kuumwa hata mafua. Huyu hataki sauti za kompyuta. Mlango ukifungwa kwenye mchezo wetu, ujue kuna mlango wa kweli umefungwa mahali fulani, na mwenye mlango ameombwa ruhusa. Mwisho wa kila sehemu Msomaji anawashukuru hewani: sauti ya mlango kwa hisani ya duka la vitambaa, sauti ya kofi kwa hisani ya shavu la Meneja. Watu wanapenda shukrani hizo kuliko mchezo wenyewe. Sisemi kwamba sioni wivu.

Jumatatu, 4 Machi

Jenereta ya zahanati imeibwa, na aliyekamatwa ni Mjomba wangu.

Niandike taratibu, maana nina hasira. Mjomba, mdogo wake marehemu mama, amekuwa mlinzi wa zahanati tangu mimi sijaolewa. Jenereta yenyewe mji mzima unaijua kwa jina la Kikohozi, kwa sababu ukiiwasha inakohoa mara tatu, inanyamaza kana kwamba imekata roho, kisha inapiga mluzi na kuanza kunguruma. Umeme wetu ni wa kubahatisha, hasa masika, kwa hiyo nusu ya watoto wa mji huu wamezaliwa Kikohozi akinguruma nyuma ya ukuta. Baba zao, mkunga akishawafukuza wasije wakamzimikia ndani, hukaa nje kando ya mashine na kukwaruza jina la mtoto kwa msumari kwenye bati la kifuniko chake. Jina la mwanangu lipo pale. Limepinda kama mkia wa mbwa, maana baba yake alikuwa anatetemeka kuliko mimi niliyekuwa nazaa.

Jana usiku mvua ilipiga bati kiasi kwamba hata mawazo yako huyasikii. Mjomba alikuwa barazani mbele, mashine iko nyuma. Asubuhi mkunga akaenda kuiwasha, akakuta mahali patupu na alama za matairi zimejaa maji. Polisi wakaja, wakaangalia kulia, wakaangalia kushoto, wakamwona mzee mwenye rungu, wakamchukua.

Nilikwenda kituoni. Nikamuuliza Mkuu wa kituo, mzee yule na mgongo wake ule anaoukanda mafuta kila jioni, amebebaje mashine inayoinuliwa na wanaume sita?

"Dada, upelelezi unaendelea."

"Unaendelea wapi, afande, mbona wewe umekaa?"

Hilo halikunisaidia. Nilitolewa nje kwa heshima zote.

Jioni Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuja nyumbani kutupa pole. Alikaa, alikunywa chai vikombe viwili, akasema kwa faida ya wananchi atahakikisha haki inatendeka. Mama mkwe, ninayeishi naye kwa kuwa mume wangu yuko safarini na lori lake mwezi hadi mwezi, alikuwa anamhesabia vikombe. Mimi nilishukuru mpaka machozi yakanitoka. Angalau mji huu una mkubwa mmoja mwenye moyo.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Mama mkwe anasema nisipoangalia hata uongo wangu utaota ukungu.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwona Mjomba mahabusu. Amepungua, lakini mdomo haujapungua.

"Mpwa wangu, humu tunakusikiliza. Askari wa zamu analeta redio yake dirishani. Ijumaa hata wezi wa kweli wananyamaza."

"Mjomba, wanakutesa?"

"Sana. Wananibana niwaambie mwizi wa wiki ijayo ni nani. Nasema sijui, hawaamini. Na hayo ndiyo mahojiano pekee niliyofanyiwa tangu nije."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaangalia mikono yake. Akasema kuhusu jenereta hajaulizwa swali hata moja. Yule bibi yangu wa redioni angekuwa kule, alisema, yeye Mjomba angekuwa ameshaulizwa hata siku ile alikula nini. Kesi yake itatajwa tarehe 29 Aprili, na anaogopa. Hakusema anaogopa, ila aliniomba nimtunzie kuku wake "kama mambo yatakwenda vingine," na Mjomba hajawahi kumwamini mtu na kuku wake.

Nimerudi kwa miguu kwenye tope na nimeshaamua. Kama huku hakuna anayeuliza, redioni kwangu wataulizwa.

Ijumaa, 15 Machi

Hadithi mpya imeanza. Kijijini, mashine ya kusaga ya wananchi imeibwa, na mlinzi mzee amekamatwa. Meneja alisoma karatasi zangu akakuna kichwa.

"Dada, hii inafanana na…"

"Inafanana na nini?"

"Haifanani na kitu."

Aliigiza mlinzi yeye mwenyewe na akalia vizuri sana, mpaka Msomaji akampa leso. Kuhusu mwizi nimetoa dalili mbili tu: ana gari jeupe na anapenda kukata utepe. Sijamfikiria mtu yeyote. Nilihitaji mkubwa, na wakubwa wote ninaowajua wanapenda mkasi.

Jumatatu, 18 Machi

Sijafika hata mlangoni pa ofisi, nikamkuta mkandarasi wa barabara ananisubiri, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Umenitangaza mwizi!"

"Mimi? Nimekutaja wapi, kaka?"

"Gari langu ni jeupe!"

"Magari meupe ni mengi."

"Na utepe wa daraja nilikata mimi!"

"Daraja lipi?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Akasema daraja bado linajengwa, akaondoka haraka. Nimewauliza wote ofisini, hakuna aliyewahi kuliona hilo daraja, ila Msomaji anaukumbuka utepe. Ulikuwa mwekundu.

Jumatano, 20 Machi

Leo ni zamu ya mkuu wa soko. Amekuja kumwambia Meneja, kwa ukali, kwamba yale mabati ya soko yalipeperushwa na upepo na wala si vinginevyo. Hakuna aliyemuuliza habari za mabati. Kumbe soko lilikuwa na mabati!

Fundi Sauti amecheka hadi akakaa chini. Mimi nimeanza kuona jambo ambalo sikulitegemea. Ukitupa jiwe moja gizani, wanaolia ni wengi, na kila mmoja anataja mahali alipoumia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Alhamisi, 21 Machi

Mwenyekiti ameleta mfuko wa sukari kwa wafanyakazi wa redio, pamoja na salamu: "Endeleeni. Wezi lazima waumbuke, kwa faida ya wananchi." Nimemwonyesha mama mkwe sukari.

"Unaona, mama? Msafi haogopi."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

"Mama, wewe unamshuku hata muuza maziwa."

"Na yeye anatia maji."

Ijumaa, 29 Machi

Sehemu ya tatu imekwenda hewani. Umeme ulikatika mtaani kwetu katikati, majirani wakajazana kwenye redio yetu ya betri, mmoja kakalia ndoo. Furaha tupu.

Jumapili, 31 Machi

Mkunga amenisimulia amezalisha jana kwa taa ya simu ya mama mzazi mwenyewe. Katikati ya kazi simu ikaita. Akaipokea, akamwambia mume, "Subiri kidogo, anakuja." Tulicheka sana, lakini mkunga alipomaliza kucheka alipangusa macho. Alisema safari hii ilikuwa simu, safari nyingine itakuwa msiba.

Jumanne, 9 Aprili

Siku mbaya. Meneja ameniita, amefunga mlango, na dirisha pia.

"Dada yangu, nakuheshimu. Lakini simu ninazopokea wewe huzipokei. Mkandarasi kaondoa tangazo lake. Mkuu wa soko kaniita mchochezi. Sasa tumalize mchezo huu kwa amani. Mwizi awe mlinzi."

"Mlinzi gani?"

"Yule mzee wa kwenye mchezo. Aungame sehemu ya mwisho, tarehe 26, mambo yaishe. Mlinzi halalamiki kwa mtu."

Nilimkumbusha kwamba tarehe 29 Mjomba anasimama mahakamani. Siku tatu kabla, mji mzima umsikie mlinzi akisema redioni "niliiba mimi"? Watu hawatasema ni mchezo. Watasema hata ndugu yake amekubali.

"Huo ni uongo tu, dada, wa Ijumaa," alisema, akiwa anaangalia meza. "Usipoandika hivyo, Ijumaa hizo nitapiga muziki."

Kwa hiyo ndilo chaguo langu. Nikikataa, Bi Mdadisi ananyamazishwa na hakuna atakayeuliza tena chochote. Nikikubali, namfunga Mjomba kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitoka pale nimefura. Nilimkuta Msomaji kwenye korido anasuka mkeka wake kama kawaida yake, nikamweleza yote bila kupumua. Aliweka mkeka chini. Akaingia kwa Meneja bila kubisha hodi, na kwa sauti ileile inayotangaza marehemu akasema, "Mimi nasoma vifo vya kweli. Jina la mtu aliye hai sitalizika."

Nilikuwa namwona Msomaji mwanamke baridi. Nimefanya naye kazi miaka na sikuwahi kumjua.

Mwishowe tumekubaliana hivi: sehemu ya tarehe 19 Bi Mdadisi atasikia mashine ikinguruma nyuma ya ukuta, bila kusema ukuta ni wa nani. Sehemu ya mwisho itaamuliwa na Meneja wiki hiyo hiyo. Nimepata muda, basi. Sijui wa kufanya nini.

Ijumaa, 12 Aprili

Meneja anataka muziki leo, ili "hali ipoe". Tumepiga muziki. Mama mkwe amesikiliza nusu saa nzima kwa chuki.

Alhamisi, 18 Aprili

Fundi Sauti amekuja mbio, amelowa chapachapa, ana furaha. Kwa sehemu ya kesho anahitaji injini kubwa, na leo umeme ulipokatika alizunguka mjini akifuata ngurumo kwa masikio. Ameipata. Nikamuuliza wapi, akasema nisubiri kusikia hewani kama watu wengine, yeye ni msanii. Anachosema tu ni kwamba mwenye mashine amekuwa mwungwana mno, alimfungulia geti yeye mwenyewe, akampa kiti na soda, akamwambia arekodi anavyotaka, ila tu asisahaulike kwenye shukrani.

Ijumaa, 19 Aprili, nyumbani

Siwezi kulala mpaka niandike.

Saa moja tulikaa kama kawaida: mimi, mama mkwe, mwanangu na majirani wasio na betri. Bi Mdadisi anatembea kwenye mvua. Anasimama kando ya ukuta. Anasema, "Ngoja. Sikilizeni."

Ikakohoa. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kimya.

Mama mkwe alikuwa na karanga mdomoni, akaacha kutafuna. Jirani wa kwenye ndoo alisimama. Wote tunangoja, na mluzi ukatoka redioni, mwembamba, uleule, kisha ngurumo ikajaa chumba.

"Hiyo si mashine ya kusaga," mama mkwe akasema. "Hiyo ni Kikohozi."

"Mama, inawezekana…"

"Wewe ulizaa kwa sauti hiyo siku nzima, mimi nimekushika mkono! Unaniambia nini?"

Nje nilisikia mlango ukifunguka, na mwingine, na mwingine. Watu walikuwa wanatoka vibarazani na redio mikononi, wanaitana kuvuka mtaa: umesikia? umesikia? Na mimi nafikiria jambo moja tu, kwamba Fundi Sauti hana mtoto, hajawahi kuuguza wala kuuguliwa, asingeweza kujua amerekodi nini. Lakini amerekodi wapi?

Hapo Msomaji, ambaye hawezi kuruka hata neno moja la karatasi aliyopewa, akasoma kwa sauti ya msibani: "Sauti ya mashine katika sehemu hii ni kwa hisani ya Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, kutoka gesti yake mpya, barabara ya juu. Karibuni wageni wote."

Mtaa mzima ulilipuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kicheko cha nyumba hadi nyumba, chenye hasira ndani yake.

Mama mkwe alimeza karanga yake. "Nimesikia sukari yake ilikuwa tamu," akaniambia. Nimestahili.

Jumamosi, 20 Aprili

Asubuhi hakuna aliyeitisha mkutano, lakini saa mbili barabara ya juu, ambako gesti iko peke yake bila jirani wa kusikia mashine, ilikuwa imejaa. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyeijali. Mkunga mbele, na sare yake nyeupe, nyuma yake kina mama wenye watoto mgongoni, nyuma yao kina baba, na wengi wao wameshika misumari. Mimi sikuelewa misumari ni ya nini mpaka tulipofika.

Mwenyekiti alitoka na tabasamu. Alidhani tumekuja kumpongeza kwa kutajwa redioni! Alipoona mkunga haangalii uso wake bali anaangalia kibanda cha nyuma, tabasamu likaanza kumshuka polepole.

"Hiyo mashine nimenunua," alisema. "Ni ya bluu. Ya zahanati ilikuwa ya kijani."

Mkunga aliingia kibandani, akaipiga teke ubavuni, mahali anapojua yeye, akavuta kamba. Ikamkoholea mara tatu na kunyamaza. Watu mia kadhaa wakasema kwa pamoja, "Bado!" Mluzi. Ngurumo. Vigelegele vilipanda mpaka nikaziba masikio.

Ndipo kina baba wakaanza kazi. Walikwangua rangi ya bluu, na chini yake, kwenye bati la kijani, majina yakatoka moja baada ya jingine. "Wa kwangu huyu hapa!" "Mapacha wangu!" Baba mmoja alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Mimi nilitafuta lile lililopinda, nikalikuta chini pembeni, na nikaliwekea kidole.

Nikasikia watu wanapisha njia nyuma yangu. Mkuu wa kituo alikuwa amefika, kwa miguu, na koti la mvua. Nilijiandaa kugombana. Yeye akainama kibandani, akaangalia bati kwa muda, akatoa ufunguo mfukoni, akakwangua taratibu mahali pamoja juu karibu na mpini. Jina la binti yake wa kwanza. Alivua kofia, mvua ikampiga kipara.

"Nilidhani mwizi ni mkandarasi," akaniambia kwa sauti ndogo. "Nimefuatilia tangu sehemu ya kwanza."

Njiani tukirudi nilifikiria jambo lililokuwa linanishinda: mtu aliyeiba anawezaje kumfungulia geti fundi wa redio, akampa na soda? Jibu alilitoa mkunga, bila hata kusimama. Mwenyekiti yule na familia yake wakiumwa hupelekwa hospitali kubwa ya mbali. Amekuwa mwenyekiti wa zahanati yetu miaka yote na hajawahi kukaa kwenye benchi lake umeme ukikatika. Aliijua bei ya Kikohozi na rangi yake. Sauti yake hakuijua. Kwake injini ni injini.

Tumeirudisha kwa mkokoteni, watu wanaimba. Mama mkwe alikuwa na mwavuli mmoja na aliushikilia juu ya mashine njia nzima, yeye mwenyewe akilowa. Nilimwambia atapata homa. Akasema akipata homa sasa zahanati ina taa.

Jumanne, 23 Aprili

Mjomba ametoka! Amepita kwanza kuwahesabu kuku. Kisha akaja kwetu, akala, akalala kwenye mkeka mchana kutwa, na mwanangu amekaa karibu anamfukuzia nzi.

Jambo moja linanikera. Mwenyekiti yuko nyumbani kwake. Polisi wanasema ameshauriwa apumzike kwa sababu ya presha, na atafika kituoni "atakapopata nafasi."

Alhamisi, 25 Aprili

Meneja amenijia mwenyewe mezani, amesimama kama mwanafunzi. Anasema sehemu ya mwisho niandike nitakavyo. Kisha akaongeza kwamba sauti yake ya mlinzi haitoshi tena, kuna mwenyewe. Nilimkumbatia, akashtuka.

Ijumaa, 26 Aprili

Mjomba aliingia studio na shati lililopigwa pasi. Niliandika mistari mitatu tu: mlinzi anafunguliwa, anamshukuru Bi Mdadisi, anaenda zake. Tunakwenda hewani moja kwa moja, kama siku zote. Alisoma mstari wa kwanza vizuri, wa pili vizuri. Wa tatu hakuusoma. Aliiweka karatasi mezani, akaivuta maikrofoni kama mtu anayevuta kikombe cha chai.

"Bi Mdadisi," akasema, "wewe huuliza wengine. Leo naomba mimi nikuulize."

Msomaji aliniangalia. Nikamwashiria aendelee.

"Uliza, mzee wangu."

"Mimi waliponichukua nilikuwa nimevua viatu, kwa sababu ya tope, nisichafue baraza la wagonjwa. Niliomba nivae. Wakasema twende. Nimekaa ndani masika nzima bila viatu, kwa kitu nisichofanya. Mwenzangu amekutwa na mashine kibandani, na yeye anasubiriwa apate nafasi. Sina kinyongo naye, nina swali tu. Kati ya mimi na yeye, mwendo wa sheria unapimwa na nini?"

Msomaji hakuwa na jibu kwenye karatasi, na hakujaribu kutunga. Kimya kile kilienda mjini kote. Nilimwona Fundi Sauti nyuma ya kioo amekunja mikono kifuani, hakuongeza hata tone la mvua. Mimi machozi yalikuwa yananishuka na sikuona aibu, kwa sababu hadithi zangu zote zimekuwa zikizunguka swali hilo na sikuwahi kuliuliza wazi namna ile.

Simu ya studio ikaita. Meneja, ambaye mwezi huu wote alikuwa anaogopa simu, akaipokea, akasikiliza, akaiweka hewani.

Ilikuwa sauti ya Mkuu wa kituo. Alikohoa kidogo kwanza, na nikasikia kwamba huko aliko mvua inapiga bati.

"Nimesikia," alisema. "Mwambieni mzee gari limeshaondoka kwenda barabara ya juu. Na vijana nimewaagiza, kuanzia leo, mtu yeyote tunayemchukua, mkubwa au mdogo, tunamsubiri avae viatu."

Mjomba akainamia maikrofoni.

"Asante, afande," akasema. "Na huyo mwenzangu mwambieni kunanyesha, achukue na mwavuli."

Tukamsikia afande anacheka upande wa pili, mji mzima ukimsikia, kisha akasema sawa, na mwavuli pia.